Sawa Si Jibu

Walimchukia tangu wiki ya kwanza, na kusema kweli yeye naye hakuwanyima sababu. Chuo cha udaktari kilimwajiri akiwa na miaka hamsini na minne, muuguzi aliyetumikia wodi kwa miaka thelathini, magoti yameanza kulia lakini ulimi bado mkali kama wembe mpya. Barua ya ajira ilisema kazi yake ni "kusuka mada mtambuka katika masomo yote, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tano." Mada mtambuka ni yale mambo yasiyo na idara wala mwenyewe: maumivu, usafi, umaskini wa mgonjwa, ulemavu, na namna ya kuzungumza na mtu mpaka aelewe. Yanapita kwenye kila somo, kwa hiyo kila mwalimu alidhani yanafundishwa na mwenzake.

"Wameniambia nisuke," alikuwa akisema, "ila ukili wa kusukia hawakunipa."

Jina lake lilipotea mapema. Wanafunzi walimwita Mama Mtambuka; walimu wenzake wakamkata umama, wakabaki na Mtambuka tupu. Hata kwenye mlango wa ofisi yake, ambayo zamani ilikuwa stoo ya mashuka na bado ilinuka sabuni ya dobi, mtu alikwaruza jina la kweli akaandika hilo. Hakulifuta. "Adui akikupa jina," alimwambia mama mfagizi wa jengo lile, ambaye ndiye pekee aliyekunywa naye chai, "livae. Atachoka yeye kwanza."

Katika kila kipindi cha saa moja alitengewa dakika kumi za mwisho. Alikaa kiti cha mbele, na mapajani saa ya mezani ya kutia ufunguo. Dakika ya hamsini ikilia alisimama, mwalimu awe amefika kwenye ini au kwenye bandama, shauri yake. Kwenye somo la mifupa aliuliza, "Mwenye mguu huu uliovunjika anakaa ghorofa ya ngapi?" Kwenye somo la dawa: "Huyu mnayemwambia ameze baada ya kula, mmemuuliza kama atakula?" Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walicheka. Wa mwaka wa tatu walikuwa wamekwisha kuacha kucheka, wakikusanya madaftari yao kwa kelele kama watu wanaokimbia mvua.

Adui yake mkubwa alikuwa Profesa wa Moyo, mtu wa viatu vinavyong'aa na tai nyembamba, aliyemwita "Sista" kwa sauti ile ile aliyotumia kuagizia chai. Profesa alikuwa na mchezo wake. Kengele ya dakika ya hamsini ikilia, aliongea juu yake, akaendelea hadi dakika ya hamsini na tisa, kisha akageuka akitabasamu. "Haya Sista, umebakiwa na dakika moja. Hebu tutambukie." Ukumbi mzima unaangua kicheko.

Siku moja alisimama na kungoja mpaka wanyamaze wote. "Profesa ameongea dakika hamsini na tisa juu ya moyo," alisema, "na hajamtaja hata mara moja mwenye moyo. Nimemaliza." Akakaa. Toka siku ile wakipishana kwenye ngazi kila mmoja alitazama ukuta wake.

Lakini neno alilolisema kuliko yote, lililowachosha wanafunzi mpaka wakaligeuza wimbo, lilikuwa "sawa si jibu." Mgonjwa ukimuuliza kama ameelewa, atakwambia sawa. Atasema kwa adabu, au kwa woga, au kwa sababu foleni nyuma yake inamhemea kisogoni. Sawa hiyo haina kitu ndani. Mwambie arudie mwenyewe, kwa maneno yake, atafanya nini akifika nyumbani. Basi kwenye kantini ikawa: "Chai nikuwekee sukari?" "Sawa." "Sawa si jibu!" Na vicheko. Alikuwa akivisikia akiwa dirishani na kikombe chake, na alivisikia kwa hasira, maana hakuwa mtu wa kujifanya hajali.

Ukutani mwa ofisi yake alitundika ubao mpana wenye miaka mitano ya masomo, na juu yake akapitisha nyuzi za sufu za rangi tano kwa pini, toka mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Uzi mwekundu ulikuwa wa mazungumzo na mgonjwa. Uliishia kwenye kitu kimoja alichokipenda kuliko mshahara wake: kituo cha kumi na mbili.

Katika mtihani wa mwisho wa vitendo kulikuwa na vituo kumi na viwili. Mwanafunzi anaingia chumba hiki, anapima presha. Kengele, chumba kile, anashona jeraha kwenye ngozi ya mpira. Hivyo hivyo mpaka cha mwisho, dakika nane kila kimoja. Kituo cha kumi na mbili kilikuwa meza, viti viwili, bahasha ya vidonge na mgonjwa wa kuigiza. Mgonjwa alikuwa mama mfagizi, ambaye Mtambuka alimfundisha mwezi mzima namna ya kuinamisha kichwa na kusema sawa. Na kanuni ilikuwa hivi: anayeanguka kituo hiki ameanguka mtihani wote, hata kama vingine kumi na kimoja amepata vyote.

Utauliza maprofesa walikubali vipi kanuni kali namna hiyo. Hawakukubali, hawakuisoma. Aliiweka ukurasa wa arobaini na moja wa waraka wake, akijua hakuna anayesoma waraka wa Mtambuka, na wote saba wa kamati wakatia sahihi kabla chai haijapoa. Miaka mitatu kanuni ilikuwepo. Wanafunzi wawili walianguka kwayo, watoto wa watu wasio na mtu, wakaambiwa warudi baada ya miezi sita. Hakuna aliyeinua hata nyusi.

Mwaka wa nne wa kanuni hiyo akaanguka Dhahabu.

Walimwita hivyo kwa sababu nishani ya dhahabu ya chuo ilikuwa yake tangu mwaka wa kwanza, ilibaki kumvisha tu. Kijana mwembamba, mwepesi, anayejibu kabla swali halijatua. Profesa wa Moyo alikuwa amekwisha kumtengea nafasi katika idara yake. "Chanda chema huvikwa pete," alipenda kusema akimshika bega, na kijana akainama kidogo kama anayekubali ukweli.

Aliingia kituo cha kumi na mbili saa tano asubuhi akiwa amefanya vituo kumi na kimoja bila doa. Mtambuka alikaa pembeni na karatasi ya alama. Dhahabu aliketi, akachukua bahasha, akaandika juu yake 1 x 3, kama waandikavyo wote, akamsogezea mama mfagizi.

"Moja mara tatu, mama. Sawa?"

"Sawa, daktari."

Akaanza kujaza fomu yake. Sasa, hapo ndipo mtego ulipo, na ni mtego wa lugha yetu wenyewe. Daktari akisema moja mara tatu, anamaanisha kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Lakini muulize mtoto yeyote wa shule moja mara tatu ni ngapi. Mama mfagizi, kama alivyofundishwa, alifungua bahasha taratibu, akahesabu vidonge vitatu kiganjani (vilikuwa vya glukosi tu), akavitia vyote mdomoni, akavitafuna. Karakara karakara. Kijana yuko umbali wa dhiraa moja. Hakuinua kichwa. Alimaliza kuandika, akasema "Ugua pole," kengele ikalia, akatoka akitabasamu.

Mtambuka aliandika sifuri. Aliandika pole pole, na ndani yake kulikuwa na furaha mbaya ambayo hakuipenda, lakini ilikuwepo.

Profesa alikuja stoo ya mashuka kesho yake, mara ya kwanza katika miaka saba. Hakukaa, kwa sababu kiti cha pili kilikuwa na mafaili na Mtambuka hakuyaondoa.

"Sista, badilisha ile alama."

"Alama si shuka, Profesa, hata ibadilishwe kila asubuhi."

"Sikiliza. Nakuomba kwa lugha nzuri. Yule ndiye kijana bora niliyepata kumfundisha. Ukimwangusha kwa sababu ya mfagizi aliyetafuna peremende, utakuwa kichekesho. Na mkataba wako unaisha mwezi ujao, nadhani unajua nani anakaa kwenye kamati."

"Unanitisha?"

"Nakukumbusha." Akaangalia ubao na nyuzi zake, akaugusa ule mwekundu kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima vumbi. "Hebu niambie jambo moja. Nimekaa kazini miaka thelathini na miwili. Nani amewahi kufa kwa hii hesabu yako ya moja mara tatu? Nitajie mtu mmoja. Mmoja tu."

Mtambuka alifungua mlango, akausimamia mpaka viatu vile vinavyong'aa vikatoka.

Mtu mmoja alikuwepo. Alikuwa mama yake mzazi.

Mtambuka alikuwa na miaka ishirini na sita, mwenyewe dirishani pa dawa, foleni imefika getini. Mama yake alikuja na karatasi ya daktari ya vidonge vya ugonjwa wa sukari. Wangeweza kuongea jioni nyumbani, ndivyo alivyodhani, akaandika 1 x 3 kwenye bahasha, akasema, "Moja mara tatu, mama. Sawa?" Mama yake akasema sawa. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na alikuwa na fahari ya jedwali la kuzidisha kuliko wenye digrii zao. Moja mara moja, moja. Moja mara mbili, mbili. Hakuwa mjinga aliyeshindwa kusoma. Alisoma vizuri mno. Mtambuka jioni ile akacheleweshwa na zamu, akalala kwa mwenzake. Asubuhi mama akameza tatu kwa mkupuo, tumboni hamna kitu, akarudi kujilaza kidogo, sukari ikamshuka, na hakuamka.

Bahasha aliikuta dada yake mkubwa, juu ya meza, pembeni ya bilauri. Aliikunja, akamletea kwenye matanga mbele ya shangazi zao. "Huu mwandiko wa nani?" Hilo tu. Miaka thelathini na mitano dada hakukanyaga mlangoni kwake, na harusi na misiba ya ukoo wakakaa pande mbili za ua. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye kifo kilimuumbua kwa dada yake na shangazi zake tu, kwa wengine wote aliendelea kuficha, na ufichaji ule ndio uliomfanya mkali. Watu walidhani anawachukia madaktari. Alikuwa akimchukia msichana wa miaka ishirini na sita aliyekaa dirishani.

Kwa hiyo alama haikubadilika. Profesa akaitisha kamati.

Walikaa saba upande mmoja wa meza ndefu na yeye peke yake upande wa pili, kama mtuhumiwa wa kuiba kuku. Profesa aliongea kwanza. Mada mtambuka, alisema, ni kama chumvi: kidogo inakoleza, lakini hapa wamepikiwa sufuria la chumvi. Mfagizi alimeza haraka kwa makusudi. Kanuni yenyewe ilipenyezwa kwa hila.

"Kanuni ina sahihi saba," alisema Mtambuka. "Na hizi hapa barua mbili za wale walioanguka kabla." Akazisukuma katikati ya meza. "Mmoja baba yake anashona viatu. Mwingine hana baba. Profesa, hebu wasomee wenzako aliyezitia sahihi ni nani."

Mkuu wa chuo, mzee mpole aliyeogopa kila mtu kwa zamu, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Hukutaka kufundisha," Profesa alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ulitaka mtu wa kumkomoa."

"Nilitaka aangalie juu! Dakika nane! Mtu anatafuna sumu mbele yake, yeye anajaza fomu!"

"Ilikuwa glukosi."

"Na ingekuwa sumu angejuaje?"

Alikuwa amesimama bila kujua. Alikuwa na haki, kila mtu mezani aliliona hilo, na hakuna kitu watu saba wasichosamehe kama kuonyeshwa kosa lao na mtu mmoja. Wakapiga kura. Kwa kuwa kanuni ilikuwa na sahihi zao, Dhahabu angerudia kituo cha kumi na mbili baada ya miezi sita, na nishani angepewa mwingine. Kuanzia mwaka unaofuata kituo kingefutwa. Mada mtambuka zote zingewekwa kwenye mhadhara mmoja wa Ijumaa alasiri, hiari. Mkataba wa Mtambuka haungeongezwa. Mama mfagizi alihamishiwa jengo la mochwari, naye alipoambiwa alisema tu, "Kule angalau hakuna anayesema sawa."

Siku anafungasha, Dhahabu alimkuta anang'oa pini ubaoni. Alisimama mlangoni, macho mekundu. Hakusalimia.

"Umeniharibia maisha."

"Miezi sita si maisha."

"Mama yangu ameuza cherehani yake mwaka wa pili ili nimalize. Nimwambie nini? Kwamba nimeanguka kwa sababu ya bibi mmoja anayenuka sabuni, aliyeshindwa kuwa daktari akaamua kutulipizia sisi?"

Angeweza kumwambia basi juu ya mama yake mwenyewe. Lakini aliona kijana angeyachukua kama ombi la kusamehewa, na yeye hakuwa anaomba. "Mwambie ukweli," alisema. "Mwambie mtu alimeza tatu na hukumwona."

"Nakuchukia," Dhahabu alisema, kwa utulivu, kama anayetaja jina la ugonjwa. Akaondoka. Mtambuka akaviringisha ule uzi mwekundu kwenye kidole mpaka kidole kikafa ganzi.

Miezi sita ilipofika, chuo kikagundua hakina mgonjwa. Mama mfagizi alikataa katakata kurudi kuigiza. Walimtumia watu mara mbili, akawafukuza kwa fagio. Hakuna mwingine aliyejua kazi ile. Mkuu wa chuo akampigia Mtambuka simu kwa sauti ya mtu anayekanyaga miiba. Ni nusu saa tu. Kukaa, kuinamisha kichwa, kusema sawa. Alama angeweka Profesa wa Moyo.

Alikwenda. Wengine walisema alikwenda kumalizia kisasi, na hata yeye, akivaa kanga na ndala kama mgonjwa wa foleni, hakuwa na hakika kwamba wanamsingizia.

Chumba kilikuwa kile kile. Profesa alikaa pembeni, karatasi gotini, kalamu imekwisha kusogea kwenye kisanduku cha "amefaulu" kabla mlango haujafunguka. Dhahabu akaingia. Alipoona ni nani amekaa kiti cha mgonjwa alisita. Kisha akaketi.

"Shikamoo, mama." Ilikuwa shikamoo yenye mwiba.

"Marahaba."

Alichukua bahasha. Hakuandika 1 x 3. Aliandika kwa herufi kubwa, mstari kwa mstari, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. "Kidonge kimoja asubuhi ukishakula. Kimoja mchana ukishakula. Kimoja jioni ukishakula. Usimeze viwili pamoja. Umeelewa?"

Mtambuka aliinamisha kichwa. "Sawa, daktari."

"Inatosha," Profesa alisema haraka, na kalamu ikagusa karatasi. "Vizuri sana, kijana. Mgonjwa ameelewa. Unaweza kwenda."

Dhahabu hakumgeukia. Alikuwa akimtazama yule mwanamke usoni, na chuki yake haikuwa imepungua hata tone. Ilikuwa pale pale machoni, safi, imelala naye miezi sita ikaamka naye.

"Hajaelewa," alisema. "Amesema sawa tu. Sawa si jibu, mama. Rudia. Ukifika nyumbani utafanya nini?"

Mtambuka alifungua mdomo ajibu kama alivyomfundisha mama mfagizi, na kilichotoka si hicho. "Moja mara tatu," alisema, kwa sauti isiyokuwa yake. "Tatu."

"Hapana." Kijana akafungua bahasha, akatoa vidonge vitatu, akavipanga mezani mbali mbali: kimoja karibu na mkono wake, kimoja katikati, kimoja ukingoni. "Hiki cha asubuhi. Hiki cha mchana. Hiki cha jioni. Rudia."

"Hiki asubuhi," alisema Mtambuka. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Nikishakula. Hiki mchana. Hiki jioni."

"Rudia tena."

Akarudia tena. Profesa alisema kitu kuhusu muda, hakuna aliyemsikiliza. Dhahabu alingoja hadi neno la mwisho, akasimama, akarudisha kiti mahali pake. "Ugua pole," alisema, kwa chuki, akatoka bila kugeuka nyuma.

Profesa naye akakusanya karatasi zake akaenda. Mtambuka alibaki kwenye kiti cha mgonjwa, na vidonge vitatu mezani, kila kimoja na mahali pake. Baada ya muda alikiokota cha asubuhi, kile kimoja peke yake, akakimeza, na viwili akaviacha.